Faksi, barua pepe, folda au flashi: njia nne za kutoa hati kwenye mashine ya ofisi

Mashine kubwa ya kopi iliyopo kwenye kona ya ofisi mara nyingi hutumika kutoa kopi tu. Hati ikitakiwa kwenda Dodoma au Mombasa, mtu huipiga picha kwa simu na kuituma WhatsApp, na mpokeaji hupata ukurasa uliopinda wenye kivuli cha mkono juu ya mhuri. Wakati huohuo mashine ileile ina njia nne za kuitoa hati hiyo ikiwa imenyooka na inasomeka: faksi kwa laini ya simu, barua pepe, folda ya kompyuta iliyo kwenye mtandao wa ofisi, na flashi. Canon, Ricoh, Kyocera, Sharp, zote zina mashine za namna hiyo. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini utaratibu unafanana.

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo yaleyale: inahitaji nini kabla ya kuanza, hati inatumwaje, inakwama wapi na kwa nini, inalinda siri na kutoa ushahidi kiasi gani, na inamfaa nani. Bei haikuwekwa kuwa kigezo, kwa sababu mashine umeshainunua. Gharama halisi ni muda wa mtu atakayeitunza njia hiyo pale nenosiri linapobadilika au umeme unapokatika na kurudi.

Kwanza ukurasa wenyewe

Njia yoyote utakayochagua, ubora unaamuliwa pale karatasi inaposomwa. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508. Kwa nyeusi na nyeupe tupu hiyo ni takriban MB 1.1 kabla ya kubanwa. Kwa rangi ni takriban MB 26. Ukipandisha hadi nukta 600, mzigo unakuwa mara nne, si mara mbili. Kwa barua za kawaida nukta 200 zinatosha. Tumia 300 kwa maandishi madogo, jedwali za mahesabu, au hati ambayo kompyuta itasoma maandishi yake. Nukta 600 ziache kwa picha na ramani.

Kosa linaloharibu hati nyingi ni kuskani mkataba kwa nyeusi na nyeupe tupu. Mhuri wa bluu uliofifia na sahihi ya kalamu ya bluu huangukia upande wa nyeupe na kutoweka, na anayepokea anadhani hati haikusainiwa. Chagua kijivu au rangi kwa nukta 200, na zima kipengele cha kufuta rangi ya karatasi kwa nyuma, kwa kuwa nacho hula mihuri hafifu.

Ukiona mstari mweusi ulionyooka juu hadi chini katika kila ukurasa uliopitia trei ya juu, lakini ukurasa uleule ukiwekwa kwenye kioo kikubwa unatoka safi, usimwite fundi. Inua kifuniko. Kando ya kioo kikubwa kuna kipande chembamba cha kioo, upana wa kidole. Karatasi za trei ya juu husomwa hapo zikipita, kwa hiyo chembe moja ya gundi au wino wa kufutia makosa inachora mstari mzima. Ifute kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, chenye unyevu kidogo. Na kabla ya kupakia karatasi trei ya juu, toa pini zote, kisha papasa kona kwa kidole: pini iliyosahaulika hukwaruza kioo hicho, na mkwaruzo haufutiki.

Faksi

*Mahitaji.* Laini ya simu ya mezani ya waya na namba yake. Nyuma ya mashine kuna matundu mawili yanayofanana: waya wa ukutani unaingia lile lililoandikwa LINE, lililoandikwa TEL au EXT ni la kuunganishia simu ya mezani ya pembeni. Ingiza jina la ofisi, namba, tarehe na saa, kwa sababu ndivyo vitakavyochapwa juu ya kila ukurasa anaoupokea mwenzako. Kama ofisi inapiga simu za nje kwa kubonyeza 9 kwanza, weka 9 na kituo kifupi kabla ya namba yenyewe, la sivyo mashine itaanza kupiga kabla laini ya nje haijafunguka.

*Kutuma.* Weka karatasi, chagua faksi, ingiza namba, chagua uwazi wa picha, bonyeza Start. Uwazi wa kawaida husoma mistari 3.85 kwa kila milimita ya urefu wa karatasi. "Fine" husoma 7.7. Fanya "Fine" iwe chaguo la kudumu, maana uwazi wa kawaida huvuruga herufi ndogo na tarakimu: 8 inakuwa 3, na hilo kwenye namba ya akaunti ni balaa. Mashine zenye kasi ya 33.6 kbps hutuma ukurasa wa maandishi kwa sekunde chache; zile za 14.4 kbps huchukua takriban mara mbili ya muda huo. Hapa ndipo kuna vipengele ambavyo wengi hawavigusi: kutuma hati moja kwa namba nyingi kwa mkupuo, kupanga itumwe saa fulani usiku, na kuagiza kila faksi inayoingia ielekezwe kwenye barua pepe badala ya kuchapwa. Hicho cha mwisho peke yake huokoa karatasi na tona nyingi zinazoishia kwenye matangazo ya biashara.

*Inapokwama.* Sababu kubwa siku hizi ni kuhama kutoka waya wa shaba kwenda faiba. Simu ya faiba husafirisha sauti kwa vipande vya data, na mara nyingi huibana sauti hiyo. Sikio la mtu halioni tofauti, lakini milio ya faksi inaharibika. Muulize mtoa huduma kama laini yako inaunga mkono T.38, utaratibu uliotungwa mahususi kwa faksi juu ya mtandao. Kama haipo, ingia kwenye mipangilio ya faksi ushushe kasi ya kuanzia hadi 9600 na uzime kasi ya 33.6. Kipengele cha kusahihisha makosa, ECM, huomba upya vipande vilivyoharibika. Kwenye laini nzuri kiache kimewashwa. Kwenye laini mbovu sana kinaweza kurudia hadi simu ikatike, na ukikizima faksi itafika ikiwa na mistari iliyoruka. Jambo la mwisho ni dogo lakini la kila siku: kurasa tupu kufika upande wa pili. Kwenye trei ya juu maandishi kwa kawaida hutazama juu, kwenye kioo hutazama chini. Angalia mchoro mdogo uliopo kwenye trei.

*Siri na ushahidi.* Ripoti ya utumaji yenye neno OK inathibitisha kwamba mashine ya upande wa pili imepokea kurasa kadhaa saa fulani. Haithibitishi kwamba mtu amezisoma, wala kwamba mashine hiyo haikuwa imeishiwa tona. Weka ripoti ichapwe pamoja na picha ndogo ya ukurasa wa kwanza. Bila picha hiyo huwezi kuonyesha ulituma hati ipi. Hatari kubwa ni namba isiyo sahihi na karatasi kulala kwenye trei ya mpokeaji mbele ya kila apitaye. Washa kipengele kinacholazimisha namba kuingizwa mara mbili.

*Inamfaa nani.* Anayewasiliana na taasisi ambazo bado zinaidai. Hospitali na wanasheria wengi wa Marekani wanaendelea nayo, na Mswahili aliye huko akifuatilia rekodi za matibabu ataombwa namba ya faksi. Kwingine inaondoka: huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilizuiwa kununua mashine mpya za faksi kuanzia Januari 2019. Kwa ofisi ya Arusha au Kisumu isiyo na mwenza wa namna hiyo, kulipia laini ya simu kwa ajili ya faksi pekee ni jambo gumu kulitetea.

Barua pepe

*Mahitaji.* Mashine iwe na intaneti na anwani yake yenyewe ya barua pepe. Utaijaza seva ya kutumia barua (SMTP), namba ya mlango (port), jina la mtumiaji na nenosiri. Mlango ni 587 pamoja na STARTTLS, au 465 pamoja na SSL; hayo mawili ni majina ya ulinzi wa muunganisho utakayoyakuta kwenye menyu. Mlango 25 unazuiwa na watoa huduma wengi. Kwa Gmail ya kawaida nenosiri lako halitakubaliwa: tangu 30 Mei 2022 Google ilifunga njia ya kuingia kwa jina na nenosiri pekee. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16, na ndilo uliingize kwenye mashine. Kwa Microsoft 365, msimamizi lazima aruhusu SMTP AUTH, yaani kutuma barua kwa jina na nenosiri, kwa akaunti hiyo. Taasisi zilizojiunga baada ya Januari 2020 huikuta imezimwa.

*Kutuma.* Anwani za kila siku ziingizwe kwenye kitabu cha anwani kupitia kompyuta: fungua kivinjari, andika anwani ya IP ya mashine (namba yake kwenye mtandao), na ukurasa wake wa mipangilio utafunguka. Kuandika anwani ndefu kwa kidole kwenye kioo kidogo kila mara ndiko kunakoleta makosa. Kwa hati ya kurasa nyingi zisizoingia zote kwenye trei ya juu, washa "Job Build" au jina linalofanana nalo: mashine itasubiri fungu la pili na la tatu, kisha itume faili moja badala ya matatu.

*Inapokwama.* Ukubwa kwanza. Gmail inaruhusu MB 25, lakini faili likifungwa ndani ya barua pepe huvimba kwa takriban theluthi, kwa hiyo faili lililo salama ni la MB 18 hivi. Kurasa 40 za rangi kwa nukta 300 zinaweza kuvuka hapo. Usikimbilie kipengele cha kugawanya barua: baadhi ya mashine hukata faili katikati, na mpokeaji hupata vipande visivyofunguka. Shusha hadi nukta 200 au chagua PDF iliyobanwa zaidi.

Kisha kuna saa ya mashine. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na betri ya ndani ikiwa imechoka, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, na mashine inakikataa cheti cha usalama cha seva kwa kuwa kwake hakijaanza kutumika. Ujumbe wa kosa utasema muunganisho umeshindikana, nawe utahangaika na nenosiri bure. Angalia tarehe kabla ya kingine chochote. Mashine kuukuu isiyojua TLS 1.2, toleo la ulinzi wa muunganisho linalodaiwa sasa, nayo hukataliwa na seva nyingi za leo. Kama mtengenezaji hana toleo jipya la programu ya ndani, njia hii haiko wazi kwako.

*Siri na ushahidi.* Mashine ikiandika "imetumwa," maana yake seva yako imepokea, basi. Anwani ya mpokeaji ikiwa na kosa, taarifa ya kurudishwa itaenda kwenye sanduku la mashine ambalo hakuna anayelifungua. Kwa hiyo anwani ya mashine iwe ni ile inayosomwa na masijala au katibu muhtasi. Hati za mishahara na za wagonjwa zifungwe kwa PDF yenye nenosiri, na nenosiri lipite kwa simu, lisiandikwe kwenye barua ileile. Kwa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, kwa hiyo hakuna haja ya kung'ang'ania faksi kwa hofu ya mahakama.

*Inamfaa nani.* Ofisi inayotuma hati kwa watu wengi wa nje, kurasa chache kwa kila barua, na yenye mtu wa kushughulikia akaunti.

Folda ya mtandao

*Mahitaji.* Kompyuta au seva inayowaka saa za kazi, kwenye mtandao mmoja na mashine. Intaneti haihitajiki kabisa, na hili ni jambo kubwa kwa ofisi ambayo bando huisha tarehe 20. Tengeneza folda, tuseme Skani, ishirikishe, kisha fungua akaunti ya pekee kwenye kompyuta hiyo, yenye nenosiri, iliyoruhusiwa kuandika ndani ya folda hiyo tu. Kwenye mashine jaza anwani ya IP ya kompyuta, mlango 445, jina la folda, jina la akaunti na nenosiri. Sehemu ya jina la folda andika *Skani* peke yake. Wengi huandika C:\Users\... na kukwama hapohapo, kwa kuwa mashine haijui diski za kompyuta, inajua jina la ushirikishaji tu. Bonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho kabla ya kuhifadhi.

*Kutuma.* Ndiyo njia nyepesi kuliko zote ikishakaa sawa: kitufe kimoja chenye jina la idara, Start, faili linaingia. Hakuna kikomo cha MB 25. Weka kiambishi cha jina kwa kila kitufe, mfano MAN kwa manunuzi na UHA kwa uhasibu, ili faili zisijipange kwa namba tupu zisizoeleweka. Kama mashine ina leseni ya kutengeneza PDF inayotafutika, itumie. Orodha ya lugha kwa kawaida haina Kiswahili. Chagua Kiingereza, kwa kuwa herufi ni zilezile, na maneno mengi yatasomeka ipasavyo kwa kutafutia.

*Inapokwama.* Hapa ndipo maudhi yalipo, na karibu yote yanatokana na kompyuta, si mashine. Umeme ukirudi, ruta hugawa anwani upya. Jana kompyuta ilikuwa 192.168.1.20, leo ni 192.168.1.27, na mashine bado inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Dawa ni kuifungia kompyuta anwani yake ndani ya ruta. Kompyuta ikilala kwa kuokoa umeme, folda nayo inalala. Mtumiaji akibadilisha nenosiri, mashine haina habari; ndiyo sababu ya ile akaunti ya pekee. PIN ya kuingilia Windows haifanyi kazi kwenye mtandao, lazima liwe nenosiri kamili. Mtandao ukiwekwa kuwa wa "Public", Windows huzuia ushirikishaji.

Kwa mashine kuukuu kuna tatizo la ndani zaidi: zinazungumza toleo la 1 pekee la SMB, utaratibu wa Windows wa kushirikisha folda, na tangu Windows 10 ya mwisho wa 2017 toleo hilo haliwekwi tena Windows inaposakinishwa upya. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa Mei 2017 kilipenya kupitia udhaifu wa toleo hilo. Mafundi wengi huliwasha tena ili kazi iende. Usikubali, hasa kwenye kompyuta yenye vitabu vya hesabu. Sasisha programu ya ndani ya mashine, au tumia FTP, utaratibu mwingine wa kupeleka faili, kwenye kompyuta moja ya ndani isiyo na kitu kingine. Windows 11 Pro na Enterprise, toleo la 24H2, nalo kwa chaguo lake la kawaida linadai muunganisho wa SMB utiwe sahihi ya kidijitali, kwa hiyo mashine iliyofanya kazi jana inaweza kugoma baada ya sasisho la usiku.

*Siri na ushahidi.* Hati haitoki nje ya jengo, na hilo ni ulinzi mkubwa. Lakini folda moja iliyo wazi kwa ofisi nzima ni sawa na kuacha mikataba ya ajira mezani. Kila idara iwe na folda yake na ruhusa zake. Ushahidi wa kumfikia mtu wa nje haupo. Tarehe ya faili ni ya kumbukumbu zako tu.

*Inamfaa nani.* Masijala, uhasibu, shule, na yeyote anayeskani mafungu makubwa kwa ajili ya kuyahifadhi.

Flashi

*Mahitaji.* Flashi tu, lakini iliyopangwa (format) kwa muundo wa FAT32. Flashi za GB 64 na kuendelea mara nyingi huja na muundo mwingine, exFAT, na mashine nyingi hazizioni. Yenye GB 32 au pungufu ni salama zaidi.

*Kutuma.* Ichomeke kwenye tundu la pembeni ya paneli, subiri kioo kiitambue, chagua kuhifadhi kwenye USB, skani. Usiichomoe hadi mashine iseme imemaliza kuandika, maana faili likikatwa katikati halifunguki.

*Inapokwama.* Flashi zenye nenosiri na zile zinazopitia kiunganishi cha matundu mengi hazisomwi. Msimamizi naye anaweza kuwa amelifunga tundu hilo makusudi.

*Siri na ushahidi.* Dhaifu kuliko zote. Flashi hupotea, huazimwa, na hubeba virusi kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ushahidi wa kutuma haupo.

*Inamfaa nani.* Duka la steshenari au saiba linalohudumia wateja wa kupita, na ofisi isiyo na mtandao siku hiyo.

Diski iliyo ndani

Njia zote nne zinapita kwenye mashine ambayo mara nyingi ina diski ya kuhifadhia picha za kurasa. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya Affinity Health Plan ya New York ililipa dola 1,215,780 kwa sababu ilirudisha mashine za kopi za kukodi bila kufuta taarifa za wagonjwa zilizobaki kwenye diski. Afrika Mashariki tunanunua nyingi zilizotumika, na tunaziuza tena. Washa kipengele cha kufuta data baada ya kila kazi, na kabla mashine haijaondoka ofisini fanya ufutaji kamili kupitia menyu ya msimamizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nchini Tanzania na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nchini Kenya zinamwajibisha anayeshikilia taarifa za watu, hata zikiwa zimelala kwenye mashine.

Kulingana na hali yako

Kama hati zako hubaki ndani ya ofisi na ni nyingi, anza na folda; tenga nusu siku ya kuifunga anwani ya IP na kupanga ruhusa. Kama unatuma nje kurasa tano au kumi kwa siku, barua pepe itakutosha. Ofisi ya wakili ina haja ya zote mbili: skani iingie folda ya mteja kwanza, kisha itumwe kutoka kwenye kompyuta, ili nakala ya kilichotumwa ibaki kwenye barua zako zilizotumwa. Mashine nyingi huruhusu kuchagua folda na barua pepe kwa skani moja.

Kliniki inayopeleka wagonjwa nje ya nchi iulize kwanza upande wa pili unapokea nini. Upande huo ukisema faksi nawe huna laini ya shaba, huduma za kutuma faksi kupitia mtandao zitakuepusha na vita vya T.38. Ofisi isiyo na mtu wa kompyuta iwe na barua pepe moja iliyopangwa vizuri na flashi ya akiba, na iache folda mpaka ipate wa kuitunza. Duka la steshenari litumie flashi ya mteja, lakini faili lisipitie kompyuta ya duka ikiwezekana, kwa faida ya wote wawili.

Ukishachagua, andika kwenye karatasi moja anwani ya IP ya mashine, ya kompyuta, jina la akaunti ya skani, mlango na tarehe nenosiri lilipowekwa. Nenosiri lenyewe lisiandikwe humo. Ibandike ndani ya mlango wa trei ya karatasi, mahali fundi anapofungua kwanza.